Kasisi na Upanga Usiotajwa

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji anabeba uhusika wake. Aina zilikuwa tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Kasisi aliruhusiwa silaha za kichawi zisizo na makali. Sasa upanga wa kawaida je? Sentensi ile haisemi. Ukiisoma kama mwanasheria, kisichokatazwa ni ruksa. Ukiisoma kama muumini, unajizuia. Ilibidi kila meza iamue yenyewe. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kikamaliza ubishi: silaha za kumwaga damu, marufuku. Kanuni ikaeleweka, sawa. Ila mimi naona wachezaji walipoteza kitu: haki ya kuamua.