Springi ya nyuma

Springi ya nyuma ni koili ya chuma inayovikwa kwenye shokapu la gurudumu la nyuma. Kati ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, baiskeli ya mizigo, ambayo Waswahili wa Kongo huiita kinga, kwa kawaida haina: fremu yake ni ngumu, na springi pekee ni zile za chini ya kiti. Si upungufu. Kinga yenye magunia husukumwa kwa mkono, na shokapu lingeiyumbisha tu. Anayehitaji kuchagua springi ni mwenye pikipiki, au mwenye baiskeli ya milimani.

Kipimo cha kwanza ni mbonyeo: mpandaji akikaa, shokapu la baiskeli ya milimani libonyee takriban asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wake. Chukua gurudumu linalopanda milimita 150 huku shokapu likisogea 60. Uwiano ni 2.5. Gurudumu la nyuma likibeba kilo 48, springi hupokea 120. Ili ibonyee milimita 18, yaani asilimia 30 ya zile 60, inahitaji ugumu wa karibu kilo 6.7 kwa milimita.

Unene wa waya ndio unaoamua zaidi: ukiongezeka kwa asilimia 10 tu, ugumu hupanda kwa karibu asilimia 46. Kukaza ringi ya shokapu, kama wafanyavyo wengi kabla ya kupakia, huinua pikipiki lakini hakuongezi ugumu wa springi.