Barua Yenye Anwani Kamili: Historia Fupi ya Worldcon

Toleo la kwanza la jarida la Amazing Stories lilitoka New York likiwa na tarehe ya Aprili 1926, bei yake senti 25. Mwenye jarida, Hugo Gernsback, alikuwa mhamiaji kutoka Luxembourg aliyeingia Marekani mwaka 1904. Hadithi zote za toleo lile zilikuwa zimekwisha kuchapishwa kwingine, zikiwemo za Jules Verne, H. G. Wells na Edgar Allan Poe. Jambo jipya lilikuja Januari 1927, jarida lilipofungua ukurasa wa barua za wasomaji. Mkutano wa dunia wa wasomaji wa hadithi za kisayansi, unaojulikana kwa jina la Worldcon, chimbuko lake ni ukurasa huo.

Barua zilipangwa kwa herufi ndogo, zimebanana. Msomaji mmoja anasema hadithi ya mwezi uliopita imemkosha. Mwingine anasema imemchosha. Wa tatu amekaa na penseli akapiga hesabu, akagundua kwamba mwandishi amekosea mwendo wa sayari. Mhariri anamjibu hapohapo chini ya barua yake. Kisha linafuata jina la msomaji, na baada ya jina, anwani yake: namba ya nyumba, mtaa, mji.

Anwani hiyo ndiyo iliyoleta mengine yote. Kijana wa Chicago aliyedhani yeye peke yake mtaani kwao ndiye anayewaza safari za mwezini aliona jina la mwenzake wa mji mwingine, akanunua stempu. Barua za kwa mhariri zikawa barua za wao kwa wao. Mei 1930, klabu moja ya marafiki wa kalamu ilitoa kijarida chake, The Comet, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kutungwa na wasomaji wenyewe. Huko Cleveland, vijana wawili wa sekondari, Jerry Siegel na Joe Shuster, walianza kurudufu chao mwaka 1932. Hao ndio waliomleta Superman mwaka 1938.

Gernsback alilipoteza jarida lake mwaka 1929 kampuni ilipofilisika, akaanzisha mengine. Mwaka 1934, kupitia Wonder Stories, alitangaza Science Fiction League, chama chenye matawi. Tawi la Los Angeles, la mwaka huohuo, limeishi muda mrefu kuliko chama kilicholizaa, na wanachama wake wameshika desturi ya kukutana kila Alhamisi. Tawi la Leeds, Uingereza, liliitisha mkutano Januari 1937. Waliohudhuria hawakuzidi 20. Mmoja wao alikuwa Arthur C. Clarke, umri wake miaka 19.

Isaac Asimov naye alitokea kwenye kurasa za barua. Baba yake alikuwa na duka la pipi na magazeti Brooklyn, na alimkataza kugusa majarida ya hadithi. Jarida moja lilipenya kwa sababu tu jalada lake lilikuwa na neno “sayansi”. Tangu mwaka 1935 barua zake zilianza kuchapishwa katika jarida la Astounding. Alikuwa mkali. Aliwahi kulalamika kwamba mapenzi yanaharibu hadithi, wasomaji wenzake wakamjia juu. Machi 1939 hadithi yake ya kwanza ilitoka, tena katika Amazing. Kati ya kujibu na kutunga palikuwa na hatua moja tu, na wengi waliivuka.

Tarehe 2 Julai 1939, watu wapatao 200 walikutana kwa Worldcon ya kwanza katika ukumbi mmoja wa Manhattan. New York ilikuwa na Maonyesho ya Dunia mwaka ule, na mkutano ukachukua neno “dunia” kutoka hapo. Ray Bradbury, mwenye miaka 18, alitoka Los Angeles kwa basi, nauli amekopeshwa na msomaji mwenzake Forrest Ackerman, mkononi amebeba michoro ya rafiki yake Hannes Bok awaonyeshe wahariri. Ackerman mwenyewe alivaa vazi la watu wa karne zijazo, lililoshonwa na Myrtle Douglas. Lakini mlangoni vijana sita wa kundi la Futurians, Frederik Pohl na Donald Wollheim wakiwemo, walizuiwa kuingia kwa ugomvi wa siasa na uongozi. Ni doa, na litajwe. Taasisi hii imezaliwa na ugomvi wake.

Vita vilikatisha mikutano kuanzia 1942 hadi 1945. Mwaka 1953, Philadelphia, wasomaji walitoa tuzo kwa mara ya kwanza, na riwaya iliyoshinda ikawa The Demolished Man ya Alfred Bester. Tuzo ilipewa jina la Gernsback: Hugo. Anayechagua ni mwanachama yeyote aliyelipa ada yake, awe profesa au dereva wa lori, na mkutano wenyewe huendeshwa na watu wa kujitolea, kila mwaka mji mwingine. Kwa kura hizo Dune ya Frank Herbert ilishinda mwaka 1966, sawia na riwaya ya Roger Zelazny. Ursula K. Le Guin akawa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya riwaya, mwaka 1970. Mwaka 2015 ikashinda riwaya ya Liu Cixin, The Three-Body Problem, ya kwanza iliyotafsiriwa kutoka lugha nyingine. Kisha N. K. Jemisin akashinda miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, jambo ambalo hakuna mwandishi wa riwaya aliyekuwa amelifanya kabla yake.

Mwaka huohuo wa 2016 tuzo ya hadithi ndefu ilikwenda kwa Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Kitabu chake kinaitwa Binti. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa jina hilo maana yake nini.

Mfumo wa kura umejaribiwa. Mwaka 2015 makundi mawili yalipanga orodha za kupigia kura kwa pamoja. Wanachama wakajitokeza, kura zikakaribia 6,000, na katika vipengele vitano wakaamua pasiwe na mshindi. Baada ya mkutano wa Chengdu wa 2023 iligundulika kwamba baadhi ya kazi, kitabu cha Babel cha R. F. Kuang kikiwemo, ziliondolewa kwenye kinyang’anyiro bila maelezo. Wanachama hawakukubali kunyamaza. Mwaka uliofuata waandaaji wa Glasgow walifuta kura 377 zilizoonekana kulipiwa ili kumpendelea mtu mmoja, na wakatangaza hadharani walichofanya. Kwa maoni yangu, tangazo lile linastahili kukumbukwa kama riwaya yoyote iliyoshinda.

Sisi nasi tuna vya kujadili. Katama Mkangi alichapisha riwaya ya Walenisi mwaka 1995, na ndani yake mhusika Dzombo anarushwa angani akafie huko, lakini anatua katika sayari nyingine. Kama hujaisoma, itafute. Ukiimaliza, mwandikie mtu mmoja aliyeisoma umweleze ilipokukosha na ilipokukera, na usisahau kuweka anwani.