Clearwire: pesa zilizoyeyuka hewani

Mtu akiniuliza kama inafaa kununua hisa za kampuni changa ya intaneti isiyotumia waya, huwa namsimulia habari za Clearwire ya Marekani.

Mwanzilishi wake, Craig McCaw, hakuwa mgeni katika biashara hii. Mwaka 1994 aliiuzia AT&T kampuni yake ya simu za mkononi kwa dola bilioni 11.5. Mwaka 2003 akaanzisha Clearwire. Hoja yake ilikuwa hii: kampuni kongwe za simu zina waya mpaka mlangoni kwa mteja, ndiyo maana zinampangia bei. Ukimpelekea intaneti kwa redio, huna haja ya kuchimba mtaro wala kumpigia magoti mwenye waya.

Kilichohitajika ni masafa. Sehemu kubwa ya masafa ya gigahezi 2.5 huko Marekani ilikuwa imetengewa televisheni ya elimu, na leseni zilishikwa na shule, vyuo na mashirika ya dini. Clearwire ikawa inayakodi, leseni baada ya leseni.

Pesa zikamiminika. Mwaka 2006 Intel, iliyotaka kuuza chipu za WiMAX, iliweka dola milioni 600. Machi 2007 hisa ziliingia sokoni kwa dola 25 kila moja. Mwaka 2008 Sprint ilichangia masafa yake, na Intel, Google, Comcast na wenzao wakaongeza dola bilioni 3.2. Homa hiyo ilifika hata Kenya: mwaka huohuo Safaricom ilinunua asilimia 51 ya One Communications ili iingie kwenye WiMAX.

Sasa shida ilikuwa wapi? Masafa ya gigahezi 2.5 hayaendi mbali sana wala hayapenyi kuta vizuri, kwa hiyo yanadai minara mingi. Mnara unakula pesa kabla mteja wa kwanza hajalipa. AT&T na Verizon tayari zilikuwa na minara, na mamilioni ya wateja wanaolipa kila mwezi. Isitoshe, zilichagua LTE. Verizon iliwasha yake Desemba 2010. Mwezi uliotangulia, Clearwire ilikuwa imeonya kwamba huenda ikaishiwa na fedha. Mwaka 2012 Google, iliyokuwa imeweka dola milioni 500, iliuza hisa zake kwa takriban dola milioni 47.

Hapo ndipo mambo yakageuka. Sprint ilitaka kununua hisa zilizobaki kwa dola 2.97. Dish nayo ikaingia mnadani, bei ikapanda, na Julai 2013 Sprint ikalipa dola 5. Hawakuwa wanagombania WiMAX, ambayo Sprint ilikuja kuizima kabisa mwaka 2016. Waligombania masafa. T-Mobile ilipoichukua Sprint mwaka 2020, masafa hayo yakawa uti wa mgongo wa 5G yake.

Sisi waandika programu tunapenda kubishana teknolojia ipi ni bora. Aliyenunua kwa dola 25 alikuwa na haki kuamini kwamba masafa yale ni mali. Hata hivyo alipoteza dola 20 kwa kila hisa, kwa sababu kampuni iliishiwa pumzi kabla mali hiyo haijaiva.

Kwa hiyo ukiletewa kampuni inayodai itazitikisa kampuni kubwa za simu, uliza mawili: ina masafa gani, na ina pesa za kungoja miaka mingapi?