Njia Tatu, Mwale Mmoja

Kila aliyesomea Tabora ameimbishwa darasani kwamba mji huu ni njia panda. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapasua Ugogo, na baada ya miezi kadhaa ya jua na kiu ikatua Unyanyembe. Hapo wapagazi wa Kinyamwezi walitua pembe na majora ya nguo, na hapo ndipo safari ilipogawanyika: wengine Ujiji, wengine Karagwe na Buganda, wengine kusini-magharibi hadi Katanga. Reli nayo ikafuata mtindo ule ule. Ilifika Tabora mwaka 1912, ikagusa Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Basi sisi ni watu wa njia moja kugawanyika nyingi. Leo nasimulia jambo la kinyume: njia nyingi kuwa moja.

Kijiweni kwetu tulikuwa washkaji wanne, na tulitaka kuonyesha kwa mwanga kifo cha Mtemi Isike. Habari yake mnaijua. Isike wa Unyanyembe aliwakatalia Wajerumani, na Januari 1893 jeshi la Tom von Prince lilipovunja boma lake, aliilipua ghala ya baruti akiwa ndani kuliko kushikwa. Tuliwaza hivi: ukutani waonekane moto mwekundu na moshi wa buluu, halafu ghafla pigo moja jeupe. Hilo jeupe ndilo lililotutia taabuni.

Maana leza haizaliwi nyeupe. Ya kwanza kabisa, aliyoiwasha Theodore Maiman kule California tarehe 16 Mei 1960, ilitoa mwanga mwekundu kutoka kwenye jiwe la rubi. Mwaka 1962 Robert Hall wa General Electric akapata leza kwenye kipande kidogo cha madini, ndiyo diodi, lakini mwanga wake hauonekani kwa macho, na ilibidi kuipoza kwa baridi kali. Wakati huo wenye maonyesho walitumia mitungi ya gesi. Novemba 1973 Ivan Dryer alifungua onyesho la Laserium mjini Los Angeles. Alikuwa na leza moja ya gesi ya kriptoni, ghali, na mwale wake akaugawa kwa prizimu ukawa rangi nne. Umeona? Alifanya kama misafara ya Tabora: njia moja, akaipasua.

Mtoto wa mtaani hana mtungi wa kriptoni. Ana deki mbovu ya kurekodi DVD, na ndani yake mna diodi nyekundu. Akibahatika atapata projekta iliyokufa yenye diodi za buluu. Kwa hiyo yeye hagawi, anakusanya. Mbele ya kila diodi anaweka lenzi ili mwanga usitawanyike. Kisha anatumia kioo maalumu kinachopitisha nyekundu na kurudisha kijani, na kingine kinachopitisha hizo mbili na kurudisha buluu. Vikikaa sawasawa, miale mitatu inatoka imelaliana, na ukutani unaona nyeupe.

Nyekundu yetu ikawa hafifu, kwa kuwa jicho huiona kijani kwa urahisi zaidi. Tukataka diodi mbili za nyekundu. Hapa sasa kuna sheria ya ajabu: rangi moja haipandani na mwenzake hivi hivi. Mwanga wa diodi hutikisika upande mmoja, kwa hiyo ya kwanza inaachwa itikisike wima, ya pili inalazwa, halafu zinakutana kwenye mchemraba wa kioo unaopitisha moja na kuirudisha nyingine. Mbili tu. Ukitaka ya tatu ya rangi ile ile utaipanga ubavuni, mwale utanenepa, lakini hazitakuwa kitu kimoja.

Vioo vya kuchezesha mwale tulivibandika kwenye spika mbovu za redio. Muziki ukilia, mwale unachora mawimbi na mizunguko. Sura ya Isike haichoreki kwa spika, moto unachoreka.

Siku ya mazoezi watoto wa uani walikaa mbele kwenye mkeka. Kioo kimoja nilikuwa nimekibandika mimi kwa gundi. Diodi ikapata joto, gundi ikalainika, kioo kikainama. Mwale wa buluu ukashuka kutoka ukutani hadi usawa wa vichwa. Mtoto mmoja alikuwa amegeuka nyuma kumwambia mwenzake kitu. Ulimpita sikioni. Ungempiga jichoni, jicho lingekwisha kabla hajapepesa, kwani mwanga wa leza kali unachoma nyuma ya jicho kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Usiku ule sikulala.

Tukafumua kila kitu. Vioo tukavifunga kwa bolti, tukavizungushia boksi la bati, mwale ukaelekezwa juu kabisa ukutani, watazamaji wakakaa nyuma ya mtambo, na mmoja wetu akashika swichi muda wote. Ndipo tukaonyesha. Pigo jeupe liliwaka sekunde mbili, watu wakapiga vigelegele.

Baadaye tulimwamkia mzee mmoja wa mtaani, tukitegemea sifa. Akaitikia, akatuambia, "Wajukuu zangu, mmepiga makofi mahali pa kunyamaza. Yule aliwasha baruti ili asishikwe, siyo ili apendeze."

Siku hizi baada ya lile jeupe tunazima kila kitu, muziki pia, dakika nzima. Wengine wanaguna gizani, wanadhani umeme umekatika. Nawe kijana unayetaka kujaribu, usianze na diodi. Anza na boksi la bati na bolti.