Kutoka Malameni hadi Moshi

Huko Mbaga, katika milima ya Upare Kusini, upo mwamba uitwao Malameni. Inasimuliwa kwamba mtoto aliyehesabiwa kuwa na mkosi alipelekwa pale, asirudi tena, na kwamba desturi hiyo ilikoma katika miaka ya 1930. Mpendwa msomaji, tusiwe wepesi kuwahukumu mababu. Naamini mama aliyenyang'anywa mwanawe alimlilia. Iliyotawala ni hofu: huyu mmoja akibaki, ukoo mzima utaangamia.

Mmisionari Jakob Dannholz wa Misheni ya Leipzig, aliyefika Mbaga mwaka 1908, aliandika kitabu juu ya hofu ya mizimu kati ya Wapare. Kilitolewa mwaka 1916. Injili iliijibu hofu hiyo. Katika Yohana 9 wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Bwana anakataa yote mawili.

Lakini kukataza mtoto asitupwe ni nusu ya kazi. Aliyeachwa hai alihitaji pia mahali pa kutibiwa. Mwaka 1971 hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi, kazi ya makanisa yaliyoungana chini ya jina la Msamaria Mwema. Mwaka 1981 kikaanzishwa hapo chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia kutembea. Njia ikawepo. Je, sisi tuliionyesha?

Nakiri kosa langu. Mwanzoni mwa uchungaji wangu niliitwa kumbatiza mtoto mchanga katika kijiji kando ya Ziwa Jipe. Alikuwa amefunikwa khanga mpaka chini. Ilipofunuka, niliona nyayo zake zimepinda kwa ndani, zinatazamana. Nikabatiza, nikaomba, nikanywa chai, nikaaga. Bibi yake akanifuata njiani.

"Baba Mchungaji, miguu umeiona. Tufanyeje?"

"Tumwachie Mungu, bibi."

"Mungu nimeshamwachia. Wewe nakuuliza hospitali ipi."

Sikuwa na jibu. Niliona aibu, nikaenda kuuliza.

Hali ile huitwa mguu kifundo. Duniani humpata takriban mtoto mmoja kati ya 1,000. Zamani wengi walipasuliwa sana, na ukubwani miguu ikawa migumu yenye maumivu. Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alionyesha njia ya upole. Kila wiki mguu hunyooshwa kidogo kwa mikono, kisha hufungwa hogo kutoka vidoleni hadi pajani. Baada ya mahogo matano au sita, mara nyingi kano la kisigino hukatwa kidogo kwa ganzi, na hogo la mwisho hukaa wiki tatu. Ndipo huja viatu vilivyounganishwa kwa chuma: miezi mitatu karibu mchana na usiku, kisha usiku tu hadi mtoto afikie miaka minne au mitano. Viatu vikiachwa mapema, mguu hurudi ulivyokuwa.

Hapo ndipo usharika unapohitajika. Kila wiki kuna nauli ya kwenda Moshi, na nyumbani kuna watoto wengine wanaohitaji kula. Washarika wetu walichanga. Akina mama walipokezana kumsindikiza mzazi, na jirani alipomwambia avivue viatu kwa sababu mtoto analia, walimtia moyo. Mwaka aliopata kipaimara, mtoto yule alitembea mwenyewe hadi madhabahuni. Bibi yake aliketi benchi la mbele, akiitazama miguu tu.

Matendo 3 inamtaja kiwete tangu tumboni mwa mamaye, na sura ya 4 inasema umri wake ulipita miaka arobaini. Mimi nimo katika umri huo, kwa hiyo habari yake hunigusa. Kila siku watu walimbeba kwa uaminifu, lakini waliishia mlangoni pa hekalu, mahali pa sadaka. Nami nilikuwa nimembeba mtoto yule hadi mlangoni tu, kwa sala, nikamwacha.

Malameni leo ni mahali pa kutembelewa na wageni. Lakini chumba cha nyuma, ambamo mtoto hufichwa ibada ikiendelea, bado kipo katika baadhi ya nyumba zetu. Jumapili hii, ukimwona mama aliyejifungua anakuja kanisani peke yake, msalimie, kisha umuulize habari za mtoto.