Jina, Kidole na Laini: Historia Fupi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Ufipa, 2010–2024

Insha hii inachunguza kwa nini usajili wa laini za simu haukutosha kuwalinda wakazi wa Sumbawanga na uwanda wa Ufipa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliagiza laini zisajiliwe. Kuanzia Mei 2019 usajili ukafungamanishwa na alama za vidole na Kitambulisho cha Taifa. Ilitarajiwa kwamba laini yenye jina la mtu haitatumika kutapeli. Hata hivyo, mwaka 2024 ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ziliitaja Rukwa, pamoja na Morogoro, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai.

Takwimu hizo huhesabu majaribio, wala hazielezi tabia ya Wafipa. Chanzo kimojawapo ni kidole chenyewe: anayekubali kukiweka mara ya pili kwa wakala, au kumsajilia mwingine laini, huwa amelitoa jina lake. Ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” nao hauvunji mfumo wowote. Humvizia aliyekuwa kweli akijiandaa kutuma fedha.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawabana wanaokusanya taarifa. Haimzuii mwenyewe kuitaja namba yake ya siri. Hivyo, kuhakiki laini kwa *106# na kuripoti namba ya tapeli kwa 15040 ni ulinzi uliobaki mikononi mwa mwananchi.