Mbeleko ya Ugogo na nyonga za watoto

Misafara ya karne ya 19 iliwalipa watemi wa Ugogo, katikati ya Tanzania, hongo ya merikani na kaniki ili ipite na kuteka maji, na nguo hizo zikaanza kushika nafasi ya ngozi za kubebea watoto. Mbeleko ilibadilika, ubebaji haukubadilika. Leo Nkuhungu, jijini Dodoma, mtoto hukaa mgongoni ndani ya kitenge, mapaja yametanuliwa kiunoni mwa mama, magoti yamekunjwa. Mkao huo ndio Arnold Pavlik, daktari wa Chekoslovakia, aliobunia mikanda katika miaka ya 1940 kwa vichanga wenye nyonga iliyoteguka: kichwa cha mfupa wa paja kikitulia mahali pake, kikombe cha nyonga hukua vizuri.

Naamini mbeleko imewakinga watoto wengi na tatizo hilo la nyonga. Wapo watakaosema tatizo hilo ni urithi wa damu tu. Lakini Japani ilipohimiza wazazi, katika miaka ya 1970, waache kufunga vichanga miguu ikiwa imenyooshwa, visa vya nyonga kuteguka vilipungua mno, na damu haibadiliki upesi hivyo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba huku kwetu visa havionekani kwa kuwa havipimwi. Nalikubali, ndiyo maana siiti mbeleko tiba. Hata mikanda ya Pavlik, inayowafaa wengi, huwaacha baadhi na kikombe kisicho na kina cha kutosha, na wachache kichwa cha paja hukosa damu. Kwa hiyo watoto waliovishwa mikanda hufuatiliwa kwa eksirei hadi mifupa ikomae, na mtoto anayechechemea anastahili kupimwa hata kama alibebwa vyema.